Kabla hujamnyang'anya simu, msikilize

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, jua la Dar es Salaam limesimama utosini. Binti wa kaka yangu amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi ya wali, nami napeta mchele mlangoni kwa jiko. Simu yake ameilaza kifudifudi juu ya ndoo ya maji. Ikatetemeka. Hakuigusa. Ikatetemeka tena, na kila ilipotetemeka mkono wake ulisita kidogo kwenye nazi, kisha ukaendelea. Nilidhani ni mambo ya mvulana. Lakini nazi ikafika kwenye kifuu naye bado anakuna, weusi wa kifuu unaangukia kwenye sinia juu ya nazi nyeupe, wala haoni. Hapo nikajua pana jambo.

"Shangazi," akasema bila kuinua macho, "nikikwambia kitu, utamwambia baba aninyang'anye simu?"

Nimelitafakari swali hilo kwa miezi mingi. Mtoto wa miaka 16 yuko ndani ya shimo, na anapopata mtu wa kumpa mkono, la kwanza analotaka kujua ni adhabu. Hakuuliza kama nitamsaidia. Aliyekuwa akimtumia zile jumbe alimwogopa, ndiyo, ila sisi wazazi wake alituogopa zaidi.

Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwezi Novemba. Baba yake, kwa furaha, akamnunulia simu janja ya kwanza maishani mwake. Wiki chache baadaye, kwenye Instagram, akafuatwa na mtu aliyejitambulisha kuwa wakala wa wanamitindo. Ukurasa wake ulijaa picha za wasichana waliopendeza. Akamsifia urefu, akamsifia rangi, akamwambia wahamie WhatsApp "tuongee vizuri". Maneno matamu yakaenda kama siku nane. Akaomba picha za kawaida. Kisha akaomba nyingine, akaziita "picha za vipimo", na binti akatuma mbili ambazo asingependa mtu yeyote azione. Jioni ileile sauti ikageuka. Leta shilingi 50,000, la sivyo picha zinakwenda kwa baba yako na kwenye kundi la kwaya yenu. Jina la kwaya alilitoa kwenye wasifu wa binti mwenyewe, na orodha ya marafiki na ndugu alikwishaipiga picha siku ya kwanza. Binti akatuma 20,000 aliyopewa ya nauli. Akatuma 15,000 aliyokopa kwa rafiki. Jumamosi ile ya nazi, mtu yule alikuwa anataka 100,000.

Tangu siku hiyo, mzazi akiniuliza, "Nimzuie mtoto programu gani?", namjibu kwamba swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: mtoto wako akikosea mtandaoni saa nne ya usiku, atakuja kugonga mlango wako au atakaa na siri yake mpaka asubuhi? Maana tapeli wa namna hii ana bidhaa moja tu ya kuuza, nayo ni ukimya. Anamuuzia mtoto ukimya ili wewe usijue. Mtoto asiyeogopa kukwambia hana haja ya kuununua.

Utapeli tunaoujua, umevaa nguo nyingine

Wazazi wengi hujidharau mbele ya mambo haya. Husema, "Mimi simu yangu ni ya kupokea na kupiga, hayo ya vijana siyajui." Lakini hakuna Mtanzania mwenye laini ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunaujua. Tunajua kwamba anayeutuma hatujui sisi wala hiyo hela. Ametupa nyavu kwa maelfu akisubiri mmoja aliyekuwa kweli anataka kutuma kodi ya nyumba siku hiyo. Tunajua na yule anayepiga akijifanya mwalimu: mtoto wako ameanguka shuleni, tuma fedha ya matibabu haraka. Haraka ndiyo alama yake. Usipige simu kwa mtu, usiulize, tuma sasa.

Basi anayemwinda mtoto kwenye Instagram au TikTok ni ndugu wa huyo. Hutupa nyavu kwa wengi. Humwambia mtoto asimwambie mtu. Humkimbiza: una saa moja. Mzazi aliyekwepa "tuma kwenye namba hii" mara 20 ana elimu kubwa kuliko anavyodhani, na anaweza kuanzia hapo kuzungumza na mwanawe. Mwonyeshe ujumbe huo kwenye simu yako. Mweleze ulivyoutambua. Kisha mwombe akuonyeshe wa kwake. Nakuhakikishia anao.

Tofauti ni moja: mwindaji wa mtoto ana subira. Huanza kwa sifa, zawadi ya bando, ahadi ya kazi au mapenzi. Hatua inayofuata ni kumhamisha: kutoka mahali penye watu wengi kwenda kwenye mazungumzo ya wawili, kutoka programu moja kwenda nyingine. Kisha siri ndogo, "hii iwe yetu mimi na wewe". Kisha picha. Kisha tishio. Mfundishe mtoto kwamba kengele ilie pale kwenye kuhama na kwenye siri, kabla ya picha. Na mvulana afundishwe kama msichana. Polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, wamekuwa wakionya kwamba katika utapeli wa picha unaolenga fedha, wanaonaswa zaidi ni wavulana wa umri wa kubalehe, wakidhani wanachati na msichana wa rika lao. Sisi wavulana wetu hatuwaambii kitu. Tunasema, "Huyo anacheza gemu tu." Lakini ndani ya gemu kama Free Fire watu huzungumza kwa sauti na wasiowajua, na mgeni anayekununulia almasi za mchezo ni mgeni anayekupa pipi.

Wala tusidhani adui ni wa mbali siku zote. Mwaka 2022 ilitoka ripoti ya Tanzania ya utafiti uliofanywa kwa pamoja na UNICEF, INTERPOL na ECPAT. Ilikadiria kuwa katika mwaka mmoja, asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walipatwa na unyonyaji wa kingono wa wazi kupitia mtandao: kutishiwa, picha zao kusambazwa bila ridhaa, au kushawishiwa kwa fedha na zawadi. Ukiwahesabu nchi nzima, ni watoto wapatao 200,000. Na mara nyingi mtendaji alikuwa mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu. Kikulacho ki nguoni mwako. Anayemchatisha binti yako usiku anaweza kuwa ndiye anayekusalimia "shikamoo" mchana.

Mambo manne ya kuangalia kwenye simu

Huwezi kujua kila programu. Ukimaliza kujifunza hii, vijana wamehamia nyingine. Jifunze maswali manne yanayofaa popote, kisha kaeni pamoja mchana kweupe, simu mezani, mtoto akiwa ndiye mwalimu.

La kwanza: uliandika mwaka gani wa kuzaliwa? Hili karibu wazazi wote hulikosa. TikTok, Instagram, Facebook, Snapchat na WhatsApp zote zinataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Umri huo asili yake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu kukusanya taarifa za watoto, kwa hiyo usidhani kuna mtu aliyepima ukomavu wa mwanao akaona 13 inatosha. Mtoto wa miaka 12 akitaka kuingia huandika kwamba alizaliwa mwaka 2000, na mlango unafunguka. Kuanzia hapo programu inamhesabu mtu mzima, na kinga zote zilizowekwa kwa watoto zinazimika. TikTok, kwa mfano, huifanya akaunti ya mtoto wa chini ya miaka 16 kuwa ya faragha na haimruhusu kutumiana jumbe za siri. Instagram, tangu mwishoni mwa 2024, ilianza kuwaweka vijana kwenye akaunti maalumu, na aliye chini ya miaka 16 hawezi kulegeza masharti bila mzazi. Kinga hizo zimefungwa kwenye mwaka wa kuzaliwa. Ukiusahihisha huo, umefunga milango kadhaa kwa mara moja.

La pili: nani anaweza kukufikia? Kwenye WhatsApp, usipobadilisha chochote, mtu yeyote mwenye namba yako anaweza kukuingiza kwenye kundi lake. Mama anakuta mwanawe yumo kwenye kundi la watu 200 la "ajira za haraka", hajui aliingiaje. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, kisha makundi, uchague wanaoruhusiwa kuwa wale tu walio kwenye orodha ya namba zake. Ni kazi ya dakika moja. Kwenye Instagram na TikTok, hakikisha akaunti ni ya faragha na anayetaka kufuata anaomba kwanza. Halafu pitieni wafuasi mmojammoja: huyu unamjua kwa sura? Mmekutana wapi? Asiyejulikana, mtoto amtoe mwenyewe kwa kidole chake.

La tatu: nani anakuona, na anaona nini? Soma wasifu wa mtoto kama mgeni. Jina la shule, jina la kwaya au madrasa, namba ya simu, picha ya mlango wa nyumba, sare yenye nembo. Snapchat ina ramani inayoonyesha mtu alipo, izimwe. Na mwambie mtoto ukweli kuhusu zile picha zinazodaiwa kufutika zikishatazamwa mara moja: anayepokea anaweza kushika simu ya pili akaipiga picha skrini. Kilichotoka mkononi kimetoka.

La nne: nani anakuchagulia cha kutazama? Kwenye TikTok huhitaji kumfuata mtu. Programu inapima ulisimama sekunde ngapi kwenye video gani, kisha inakuletea zinazofanana nayo. Mtoto aliyesimama kwenye mapishi ataletewa mapishi. Aliyesimama kwenye huzuni ataletewa huzuni. Mwaka 2017 London ilimpoteza Molly Russell, binti wa miaka 14 aliyefariki kwa kujidhuru. Uchunguzi wa mahakama uliomalizika mwaka 2022 ulielezwa kwamba katika miezi yake sita ya mwisho, kati ya vitu 16,300 hivi alivyohifadhi, kupenda au kusambaza kwenye Instagram, 2,100 vilihusu sonona, kujidhuru au kujiua. Wazazi wake walimwona binti wa kawaida, mezani, na familia yake. Mchunguzi alitamka kwamba yale aliyokuwa akiyaona yalichangia kifo chake. Programu ni hiyohiyo iliyoko Tabata na Mwanza. Kwa hiyo muulize mwanao, bila hukumu, "Leo TikTok imekuletea nini?" Kaa naye dakika 10 mtazame pamoja. Utamjua mwanao kuliko kwa kumpekua mwezi mzima.

Zipo pia zana za bure. Simu nyingi za mikononi mwetu, Tecno, Infinix, itel na Samsung, zinatumia Android, na kwenye hizo Family Link ya Google humwezesha mzazi kuidhinisha programu kabla haijapakuliwa na kupanga saa za kutumia simu. TikTok ina njia ya kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto tangu mwaka 2020. Zitumie, hasa kwa wadogo, na umwambie mtoto kwamba unazitumia. Kumpeleleza kwa siri ni kumfundisha kuficha, na katika kuficha, mtoto wa miaka 15 atakushinda.

"Si bora asiwe na simu kabisa?"

Najua hoja hii, na sitaidharau. Australia imepitisha sheria, ikaanza kazi tarehe 10 Desemba 2025, inayozitaka kampuni kubwa za mitandao kuzuia akaunti za walio chini ya miaka 16. Nchi nyingine zinaitazama. Kubana kampuni ni haki, maana ni zenye fedha na wahandisi, nasi hatuwezi kuachiwa peke yetu kupambana na mashine iliyotengenezwa makusudi ili mtoto asiiweke chini. Mtoto wa darasa la tano hana haja ya TikTok, na mzazi anayemnyima hamwonei.

Lakini tazama namna tunavyoishi. Shule zetu nyingi za sekondari zinakataza simu, na za bweni zaidi. Mtoto anakaa miaka minne bila simu, mikono mitupu, kisha mtihani wa kidato cha nne unaisha Novemba, na kidato cha tano hakianzi mpaka Julai. Katika likizo hiyo ndefu, asiye na kazi, asiye na ratiba, ndipo tunapompa simu janja, laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole vyetu wenyewe, na bando. Hatumpi neno hata moja. Ni kama kumzuia mtoto asikaribie bahari miaka 16, kisha siku moja kumpeleka Feri na kumsukuma majini. Binti wa kaka yangu hakuwa mkaidi. Alikuwa na wiki za uzoefu mbele ya mtu mwenye miaka ya uzoefu.

Na asiyenunuliwa simu hakukosa simu. Anatumia ya mama jikoni, ya kaka yake, ya rafiki njiani. Akaunti anayo, wewe ndiye huijui. Marufuku isiyo na mazungumzo hubadilisha mahali tu: jambo linatoka sebuleni, linakwenda uchochoroni.

Nani somo wa simu?

Wazee wa pwani walielewa jambo ambalo tumelisahau. Mtoto wa kike akivunja ungo, hakuachiwa mama peke yake, alikabidhiwa somo. Wa kiume alikwenda jandoni. Yale ambayo mama aliona haya kuyasema, somo aliyasema bila kupepesa macho, na mwari alijua kwamba maisha yake yote ana mtu wa kumwendea na la aibu. Mila hizo zilikuwa na kasoro zake, na sizililii zote. Lakini hekima ya kumpa mtoto mtu mzima wa pili, asiyeshika fimbo, hiyo naililia kwa sauti.

Leo mtoto wako somo wake wa simu ni nani? Asipokuwa shangazi, mjomba, mama mdogo, kaka mkubwa, mwalimu wa madrasa au kiongozi wa vijana kanisani, atakuwa ni yule wakala wa wanamitindo. Nafasi haikai wazi. Mzazi mwenye busara hukaa na mwanawe akamuuliza, "Kama kuna jambo huwezi kuniambia mimi, utamwambia nani?" Jina likitajwa, mpigie mtu huyo mbele ya mtoto, umwambie kwamba umempa ruhusa. Binti yetu alinichagua mimi kwa bahati, kwa sababu ya nazi. Tusiwaachie watoto bahati.

Na akina baba msiseme haya ni ya wanawake. Mvulana aliyenaswa atafia kimya kwa sababu amefundishwa kwamba mwanamume hatishiwi. Ni sauti ya baba ndiyo itakayomfungua.

Na sisi je?

Kuna mzazi anayemkataza mwanawe kuweka picha mtandaoni, huku yeye mwenyewe kila muhula mpya anaweka kwenye status picha ya mtoto mwenye sare, nembo ya shule inasomeka, na maneno "mwanangu anaanza leo". Watu 300 wana namba yake. Nusu yao hawakumbuki.

Na kuna lililo baya zaidi. Video ya binti ikivuja, neno linalozagaa kwenye sehemu za maoni ni "koneksheni". Nani ana koneksheni, yaani nani anayo video hiyo? Wanaouliza ni watu wazima, wenye watoto. Wanaosambaza kwenye magrupu ya harusi na ya vikoba ni sisi, tukiongeza "jamani watoto wa siku hizi". Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 13, kusambaza ponografia ya watoto ni kosa la jinai, hata ukisema ulikuwa "unaonya". Mtoto wako anaona unavyowacheka waliovuja. Hapo hapo anajifunza kwamba ikimtokea yeye, kwako hakuna mlango.

Likishatokea

Lolote likitokea, zuia mkono na ulimi kwa dakika tano za kwanza. Kisha fuata mpangilio huu, ambao ndio tuliofuata sisi.

Usilipe, au kama mmelipa, acheni sasa. Anayelipwa hurudi, kwa sababu amejua kisima kina maji. Usifute mazungumzo, hasira itakuambia ufute, nawe utafuta ushahidi. Piga picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti, namba za simu, tarehe, vitisho na risiti za miamala. Ile picha ya mtoto usimtumie mtu yeyote, hata ndugu, hata kwa nia njema. Kisha ripoti akaunti hiyo ndani ya programu, na baada ya hapo ifungie isiweze kuwasiliana naye.

Nendeni kituo cha polisi, mwombe Dawati la Jinsia na Watoto. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako pia ana wajibu. Ipo namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, isiyo na malipo, ambayo mtoto mwenyewe anaweza kuipiga na kusikilizwa. Kenya nako namba ni hiyohiyo. Na kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18, ipo huduma ya bure ya mtandaoni iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na kunyanyaswa. Inatengeneza alama ya kipekee ya picha, kama alama ya kidole, bila picha yenyewe kutoka kwenye simu yako. Mitandao iliyojiunga nayo, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, hutumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Ndani ya mazungumzo ya WhatsApp haifiki, lakini inapofika inasaidia.

Halafu mtazame mtoto. Asiyekula, asiyelala, anayesema "bora nisingekuwepo", usimwache peke yake usiku huo. Mwambie waziwazi kwamba mkosaji ni yule aliyetisha. Waliotangulia walisema mficha uchi hazai, na mtoto aliyejitoa kusema amekwisha kufanya lililo gumu kuliko yote.

Kaka yangu tulimwambia siku ileile jioni, binti akiwa amekaa pembeni yangu, kwa ridhaa yake. Nilimwomba kaka asiseme kitu mpaka nimalize. Nilipomaliza alinyamaza kwa muda mrefu, anazungusha funguo mkononi. Kisha akamtazama binti yake akamuuliza, "Umekula?" Binti akalia kilio ambacho nadhani alikuwa amekibeba wiki tatu. Vitisho viliendelea siku chache kupitia namba nyingine, kisha vikakoma. Simu bado anayo. Mwezi uliopita alimwonyesha baba yake, kwa hiari yake, akaunti nyingine iliyomwahidi kazi Dubai.

Mzazi mwenzangu, leo jioni, kabla watoto hawajalala, sema maneno haya kwa mdomo wako: "Mwanangu, likitokea jambo lolote kwenye simu, hata kama wewe ndiye uliyekosea, niambie. Sitakupiga, na sitakunyang'anya simu kwa sababu umesema." Siku ikifika, litimize neno lako, hata likiuma. Kisha chukua simu yake, mbele yake, uandike namba 116. Juu ya hiyo, iwe ya kwanza kabisa, andika yako.